Habari Ziwafikie Popote Walipo

Agosti 1960 Tanganyika ilichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Uhuru ukiwa bado mwaka mmoja na ushee. Viti vilikuwa 71, na TANU ikapata 70. Kimoja kilichobaki kilikuwa chetu, cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo; watu wa hapa wakamtaka Herman Elias Sarwatt. Sarwatt alikuwa mwana-TANU, lakini akaingia kwenye uchaguzi kama mgombea binafsi, akamshinda mgombea wa chama chake mwenyewe. Nchi nzima halikutokea jambo hilo mahali pengine. Wanaoandika historia ya Uhuru hulipitia kwa mstari mmoja. Kwangu ndiyo habari ya kwanza ya redio ninayoikumbuka, na ilikuwa habari yetu wenyewe ikiturudia kutoka mbali.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama huko Kainam. Baba alishuka hadi Mbulu mjini, akasimama na wanaume wengine kwenye baraza la duka lililokuwa na redio, wakangoja matokeo. Aliporudi hakukaa kwanza. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alihojiwa. Umesikia mwenyewe? Nani alikuwa pamoja nawe? Nani alifasiri? Maana redio ilisema Kiswahili, na Kiswahili cha baba kilikuwa cha kununua chumvi na kulipa kodi. Akamtaja aliyefasiri: kijana aliyesoma misheni ya Tlawi, wa ukoo fulani, ambaye mama yake alitoka upande wetu. Hapo wazee wakaridhika. Habari ilikuwa na mtu wa kuijibu.

Baadaye nikawa fundi redio. Kazi niliisomea Arusha kwa fundi wa Kihindi, nikarudi kufungua kibanda karibu na stendi ya Mbulu, na kwa miaka mingi nikafuata minada: Dongobesh, Haydom, Katesh, hadi Basotu. Fundi redio wa zamani alikuwa na bahati ambayo mwandishi wa gazeti hakuwa nayo. Watu walimletea chombo cha habari kikiwa kimenyamaza, na walipokuwa wakisubiri walimweleza habari zenyewe. Kwa hiyo ninachokiandika hapa juu ya habari katika wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang, nimekipata mezani pangu, nikiwa na pasi ya kuchomea mkononi.

Asiyeijua nchi hii aelewe kwanza jinsi ilivyokaa. Mbulu iko juu, kwenye uwanda wa milima ukingoni mwa Bonde la Ufa, misitu ya Nou na Marang ikiwa imepakana nao, na upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi. Hanang iko kusini, tambarare zaidi, na katikati yake mlima wenyewe umesimama peke yake, zaidi ya mita 3,400, Katesh ikiwa miguuni pake. Hanang ilikuwa sehemu ya Mbulu hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1969, na zote mbili zilikuwa Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002. Katika eneo hili hili wanakutana Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatooga wa Kiniloti, na Wanyisanzu na Wanyaturu wa Kibantu wanaopakana nasi upande wa Singida, pamoja na Wahadza ambao lugha yao wataalamu hawajaipatia ndugu wa hakika. Sijui pembe nyingine ya Afrika Mashariki ambako mtu akienda mnada mmoja anasikia lugha za asili nne tofauti kiasi hicho. Na hakuna hata moja kati ya hizo niliyowahi kuisikia kwenye redio ya taifa. Redio yetu ilizungumza Kiswahili, na Kiingereza kidogo.

Kabla ya redio habari zilikuwa na njia zake, na njia hizo hazikufa redio ilipokuja. Kwa Wairaqw ilikuwa pombe ya wazee na kikao cha eneo, ambako mzee mmoja husimama akaomba ile sala ndefu ya slufay na wenzake wakamwitikia, na katika sala hiyo mvua, ng'ombe, watoto na ugomvi wa majirani vyote hutajwa. Aliyekuwa anasikiliza vizuri alitoka pale akijua nani anaumwa na nani hawasemeshani. Kwa Wabarabaig, Wadatooga wa Hanang, ilikuwa bung'eda, mazishi ya mzee mwenye heshima. Kaburi hujengwa kwa udongo, likaongezwa na kuinuliwa kwa muda wa miezi, na siku ya kulimaliza watu hufika kutoka Singida, kutoka Mang'ola, kutoka kila ng'ombe wa ukoo ule walikofika. Hakuna kadi iliyoandikwa. Habari ilitembea kwa miguu miezi yote hiyo, na ilifika. Wanawake wao nao walikuwa na baraza lao, lenye nguvu ya kumtoza mwanamume fahali akimdhulumu mwanamke, na hukumu yake ilijulikana mabonde matatu mbali kabla mwanamume mwenyewe hajatafuta huyo ng'ombe.

Juu ya yote kulikuwa na mnada. Kwetu minada hufuata tarehe za mwezi. Babati ina tarehe 17 yake, Katesh ina zake, na wafanyabiashara huzunguka kutoka mmoja hadi mwingine kwa lori. Ng'ombe ndiyo sababu ya kwenda, lakini mzee mwenye kuuza ng'ombe mmoja hukaa kutwa nzima, na hilo si kwa sababu ya bei. Anatafuta mtu aliyetoka alikoolewa binti yake.

Redio ya nchi ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 Serikali ikaichukua yote ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Redio za mwanzo zilizofika Mbulu zilikuwa kubwa, za valvu, zinazokula umeme wa betri nzito mfano wa ile ya gari, na mwenye nayo alikuwa mwenye duka, padri, au mkubwa wa boma. Transista ndiyo iliyoileta redio nyumbani. Kiwanda cha Philips kikawa Arusha, cha National kikawa Dar es Salaam, na National hao hao wakatengeneza betri. Katika miaka ya 1970 kijana aliyeuza mbuzi zake mnadani aliweza kurudi na redio begani, imefunikwa kwa kitambaa cha kutarizi alichoshonewa na dada yake, ikiwa inalia njia nzima.

Kwenye milima yetu mawimbi mafupi yalikuwa mkombozi. Hayo hupanda angani yakarudi chini, hivyo mlima hauyazuii sana. Watu walifunga waya wa shaba kutoka mkaratusi hadi kwenye paa la tembe, na usiku walipata Dar es Salaam, London na Cologne. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya Ujerumani ikafuata 1963, na nimewajua wazee wa Tumati ambao hawakuwahi kufika Arusha lakini walijua mawaziri wakuu wa Uingereza kwa zamu zao.

Maradhi ya redio yalinifundisha jiografia. Redio ya Mbulu mjini au Kainam ililetwa ikiwa na kutu ya kijani kwenye springi za betri, kwa ukungu na unyevu wa kule. Redio ya Basotu ilijaa vumbi. Ukizungusha sauti ilikwaruza, na ukiifungua unakuta udongo mwembamba ambao brashi ilikuwa inautoa kwa shida. Zilizotoka nyumba za wafugaji zilikuwa nyeusi ndani kwa moshi, na karatasi ya spika imetafunwa na panya. Baada ya muda nikawa nikipokea redio bila haja ya kuuliza inatoka wapi.

Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili na kuchimba vyoo. Huku kwetu kikundi kilikuwa na mtu mmoja zaidi ya wale waliokusudiwa: mtoto wa shule. Alikaa karibu na redio, akasikiliza sentensi, akaigeuza Kiiraqw au Kidatooga, wakati huo redio ikiwa imeshakwenda sentensi tatu mbele. Nimeona mtoto wa darasa la nne akiwafasiria wazee habari za mbu na maji, akafika mahali hapajui, akatazama chini. Mzee mmoja akamwambia, "Sema ulichosikia, mwanangu. Usichosikia tutakiuliza kwingine." Sijapata kusikia kanuni bora ya uandishi wa habari.

Lakini kilichoifanya redio iwe yetu hasa ni matangazo ya vifo.

Wasomaji vijana huenda hawayajui. RTD ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kutoka nchi nzima, kwa sauti ya taratibu, moja baada ya jingine. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani. Mazishi yatafanyika siku fulani. Habari ziwafikie fulani aliyeko kule, na fulani aliyeko kule, na ndugu wote popote walipo. Saa hiyo katika kila nyumba yenye redio kelele zilikatazwa. Hata waliokuwa hawajui Kiswahili walinyamaza, wakisubiri jina wanalolijua. Majina hayahitaji kufasiriwa.

Mfiwa wa Maretadu aliyetaka tangazo lisomwe alikuwa na safari yake. Ilibidi afike posta apeleke telegramu, au ampate mtu wa boma, wa polisi au wa misheni mwenye simu ya upepo, au ampe barua kondakta wa basi la Arusha. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955, ilipokea wagonjwa kutoka mbali sana, Singida na ng'ambo ya Ziwa Eyasi, na aliyefia pale mara nyingi alikuwa mbali na kwao. Maneno yalilipiwa, hivyo tangazo lilitakiwa liwe fupi na lisikose jina. Mtu asiyejua kuandika alihitaji mwandishi. Kwa kuwa kwangu ndiko redio zilikokuwa, waliona fundi redio ndiye mwenye njia ya kwenda redioni. Walikuja kwangu.

Nikaanza kuwaandikia. Niliandika nakala mbili, moja ya kupelekwa na nyingine kwenye daftari, ili tangazo likipotea njiani tulirudie. Sikuwa nikiwatoza. Nilikuwa nauliza maswali yale yale ya wazee wa Kainam: nani amekufa, mtoto wa nani, nani ameona, nani anatafutwa na yuko wapi. Swali la mwisho ndilo lililochukua muda. Mjane angekaa kwenye kigoda changu akihesabu kwa vidole: mmoja Karatu, mmoja Mang'ola, mmoja alikwenda Kiteto kulima, mdogo wake yuko kwenye machimbo. Mara nyingine alikuwa hajui wilaya, anajua tu kwamba ukishuka basi mahali fulani unaulizia Wambulu. Niliandika hivyo hivyo. Na ilitokea, tena si mara chache, kwamba mtu alifika baada ya siku nne au tano, viatu vimejaa vumbi, akasema alikuwa amekaa kwenye kilabu cha pombe ugenini akasikia jina la baba yake likisomwa.

Madaftari hayo ninayo. Ukiyasoma kwa mfululizo unaona kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukiandika: anwani za wafiwa zinasogea. Katika kurasa za mwanzo ndugu wanaotafutwa wako karibu: Daudi, Dongobesh, Endasak, Gitting, Karatu. Wairaqw wamekuwa wakishuka kutoka kwenye milima yao ya asili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yakijaa, wakihamia Karatu, Hanang na Babati, na Serikali ya Mwingereza ilipofyeka mapori yenye mbung'o katika miaka ya 1940 na 1950 wakasogea zaidi. Huo ulikuwa uhamaji wa jirani kumvuta jirani. Kisha ukifika katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea, kwenye matangazo ya Wabarabaig, zinaanza anwani nyingine kabisa. Kilosa. Usangu. Kusini ambako mzee wa Basotu hakuwahi kukutaja akiwa hai.

Sababu yake kila mtu wa Hanang anaijua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, Serikali ilianzisha mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu, chini ya Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO. Yalifika mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, jumla yake karibu ekari 100,000. Taifa lilihitaji mkate, hilo silipingi, na vijana wengi wa huku walijifunza utrekta na umakanika pale. Mashine zao nilizisikia kabla sijaziona. Lakini nchi iliyolimwa ndiyo ilikuwa malisho bora, yale ambayo Mbarabaig aliyaacha kwa utaratibu na kuyarudia kwa msimu, na aliyeyaona yakiwa hayana ng'ombe alidhani hayana mwenyewe. Njia za kwenda majini zikakatwa. Makaburi ya bung'eda, yale yaliyojengwa kwa miezi na watu wa kutoka kila upande, yakapitiwa na majembe. Katika miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, na mfugaji akabanwa pande mbili.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, pamoja na wanakijiji kadhaa kwa majina yao, wakiishitaki NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu Arusha iliwapa haki. Habari hiyo ilitufikia kwa miguu, kupitia mnada wa Katesh. Nilikuwa nimekaa na redio tatu zimefunguliwa mbele yangu, akaja mzee niliyezoea kumtengenezea, amejifunga shuka nyekundu, mkuki mkononi, hakunisalimia kwa desturi.

"Fundi, serikali inaweza kushindwa?"

Nikamwambia, "Mzee, kama jaji amesema, imeshindwa."

"Jaji amesema. Mtoto wa dada yangu alikuwa ndani ya nyumba ile. Amesikia kwa masikio yake."

Akanieleza yote, aliyesema nini na nani alisimama wapi, na watu wakajaa kwenye turubai langu hadi nikashindwa kufanya kazi.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo. Kati ya hoja zake ilikuwa kwamba kijiji hakikuwa kimegawiwa ardhi ile kisheria, na kwamba wengi wa wadai hawakuleta ushahidi mahakamani kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mimi si mwanasheria, na najua mahakama hufuata kilichowekwa mbele yake. Lakini ninayo madaftari. Ninazo kurasa ambazo mtu wa Mulbadaw anataja baba, babu na kaburi, na mahali kaburi lilipo. Laiti mtu angeuliza.

Kesi nyingine zilifuata, na baadaye tume ya Serikali ikaja kuchunguza malalamiko ya kupigwa na kufukuzwa kwa watu. Mashamba yenyewe yalikuja kubinafsishwa na sehemu nyingine zikarudi kwa vijiji. Wakati huo wengi waliokuwa wakililia malisho walikuwa wameshahamia Usangu na Kilosa, na matangazo ya vifo ndiyo yaliyowaunganisha na wazee waliobaki.

Miaka ya 1980 ya mwanzo ilikuwa migumu kwa kila fundi. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, fedha za kigeni zikakauka, na betri zikawa bidhaa ya kuuziwa chini ya meza. Watu walizianika juani, walizipasha kando ya moto, walizifunga sita, nane, kwa kipande cha mwanzi nje ya redio, zile zilizochoka zikisaidiana. Nilipokea redio zilizoungua kwa njia hiyo, na siwezi kuwalaumu. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali Dakawa, watu walitembea kutafuta nyumba yenye betri. Sokoine alikuwa wa Monduli, mtu wa mkoa wetu wa wakati ule, na usiku ule nyumba iliyokuwa na redio nzima ilikesha imejaa.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi. Frederick Sumaye wa Hanang akawa Waziri Mkuu mwaka 1995, na jina la Katesh likazoeleka kwenye taarifa za habari. Kaseti zikaja, kisha redio za bei nafuu kutoka China ambazo moja ikiharibika ni nafuu kununua nyingine. Kazi yangu ikapungua kama kazi ya mafundi wote.

Jimbo Katoliki la Mbulu nalo likapata redio yake, Redio Habari Njema, na kwa mara ya kwanza Mbulu ikasikia habari za Mbulu zikisomwa Mbulu: bei ya mahindi, barabara iliyokatika, mkutano wa kijiji. Niliifurahia kwa moyo wote na bado naisikiliza. Shida yake ni ya milima. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja na hayaruki ukingo, kwa hiyo mtu aliyeko juu anayapata safi, na ndugu yake aliyeteremka bondeni Yaeda anasikia mkwaruzo. Wale wa Usangu hawasikii kabisa. Mawimbi mafupi ya RTD yalikuwa na sauti ya kuyumba, lakini yalimfikia mchungaji aliyelala porini mikoa minne kutoka kwao, na hakuna kilichochukua nafasi hiyo. Simu inampata mtu ambaye namba yake unayo. Tangazo la kifo lilimtafuta mtu usiyejua yuko wapi.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Gendabi, Jorodom na vitongoji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba, maduka na soko vikafukiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza safari akaja Katesh. Wataalamu wakaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, ikameguka.

Kabla ya wataalamu kulikuwa na simu. Asubuhi ile ile picha zilikuwa zimefika kila mahali, na pamoja na picha uvumi kwamba volkano imelipuka. Mimi mwenyewe nilipigiwa na watu wa Haydom na wa Karatu wakiniuliza kama ni kweli moto umetoka mlimani. Kila niliyemuuliza, "Nani amekuambia?" alijibu kwamba ameona kwenye simu. Nilipomuuliza nani aliituma, alisema imesambazwa. Ilibidi Serikali itoke ikanushe. Walioniambia habari za kweli siku ile wote walikuwa na jina la mtu: shemeji yangu yuko Gendabi, amesimama kwenye tope, anasema ni maji na mawe, hakuna moto.

Waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret, jina lile lile la moja ya mashamba ya ngano. Nimekwenda kuwaona. Niliwakuta wazee wawili ambao niliwahi kuwaandikia matangazo miaka ya nyuma, mmoja wao aliandikisha kifo cha kaka yake na kumtafuta mpwa aliyekuwa Kilosa. Nikamwonyesha ukurasa. Alisoma mwenyewe, maana elimu ya watu wazima ilimfikia, kisha akanisahihisha jina la bibi yake nililolikosea herufi. Nikaandika sahihi pembeni, na tarehe ya kusahihisha.

Sasa ninanakili madaftari yote upya kwa mkono, kwa kuwa wino wa kurasa za 1976 na 1977 umefifia na nyingine zimeliwa na mchwa. Wajukuu wanapiga picha kila ukurasa. Nakala moja nataka ibaki Mbulu na nyingine Katesh, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia akauliza jina la babu yake bila kulipa. Ninajua sikuwa mwandishi peke yangu. Walikuwapo makarani wa posta, makatekista, walimu wa Dongobesh, Nangwa na Balang'dalalu, manesi wa zamu ya usiku pale Haydom, ambao wafiwa waliwapelekea maneno yao. Mwenye karatasi hizo, hata kipande cha telegramu kilichobandikwa ndani ya Biblia, asikichome wala asikitupe anapohama nyumba. Alete tukinakili, aondoke na chake. Kibanda bado kiko pale pale karibu na stendi. Kwenye mlango pameandikwa kwamba tunatengeneza simu.